Namna ya Kufungua na Kuhakiki Nyaraka Zenye Saini ya Kidijitali

Mkazi wa Kata ya Chanji, katika Manispaa ya Sumbawanga mkoani Rukwa, anaweza kupokea barua ya ajira, mkataba wa zabuni au cheti kwa baruapepe bila kusafiri hadi Dodoma au Dar es Salaam. Hata hivyo, anapaswa kujua kama faili alilopokea ni halisi, kwa kuwa barua ya kughushi inaweza kumgharimu fedha za mavuno ya mahindi ya msimu mzima au kumpotezea haki ya kiwanja.

Msingi wa kisheria

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Na. 13 ya Mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki. Saini huhesabika kuwa salama endapo ni ya pekee kwa kusudi inalotumiwa, inamtambulisha mwenye kuitia, iko chini ya udhibiti wake, na imeunganishwa na waraka kiasi kwamba badiliko lolote hufichuka. Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya mwaka huo huo inafanya kughushi kwa kutumia kompyuta kuwa kosa la jinai.

Saini ya kidijitali ni nini

Picha ya saini ya kalamu au ya mhuri iliyobandikwa kwenye waraka si saini ya kidijitali, kwani yeyote anaweza kuinakili. Katika saini ya kidijitali, programu hukokotoa muhtasari wa faili zima. Kwa kanuni ya SHA-256, muhtasari huo huandikwa kwa alama 64. Muhtasari hufungwa kwa ufunguo wa siri wa mtia saini, na kompyuta ya mpokeaji huuhakiki kwa ufunguo wa umma uliomo katika cheti cha kidijitali. Herufi moja ikibadilishwa, muhtasari haulingani tena.

Hatua za kufuata

1. Hifadhi faili lenyewe kwenye kompyuta. Picha ya skrini, nakala iliyochapishwa au iliyoskaniwa haibebi saini ya kidijitali.

2. Lifungue kwa programu yenye uwezo wa kuhakiki saini, kama vile Adobe Acrobat Reader, inayopatikana bila malipo. Vivinjari vingi huonyesha maandishi ya PDF bila kuhakiki saini. Faili lenye kiambishi .p7m huhitaji programu maalumu; kubadilisha jina lake hakusaidii.

3. Hakikisha tarehe na saa ya kompyuta ni sahihi na intaneti imeunganishwa. Saa isiyo sahihi, jambo la kawaida kwa kompyuta za zamani kwenye maduka ya stesheneri, huweza kupotosha matokeo, na bila intaneti programu inaweza kushindwa kujua kama cheti kimefutwa.

4. Fungua paneli ya saini. Soma jina la mtia saini, muda wa kusaini na mamlaka iliyotoa cheti, kisha linganisha na taasisi inayodaiwa kutoa waraka.

Kusoma matokeo

Alama ya vema ya kijani huonyesha kuwa waraka haujabadilishwa isivyoruhusiwa tangu uliposainiwa na kwamba programu inamwamini mtoa cheti. Pembetatu ya njano huashiria kuwa uhakiki haukukamilika, mara nyingi kwa sababu mtoa cheti hayumo katika orodha ya wanaoaminiwa na programu. Hali hiyo pekee si ushahidi wa kughushi. Alama nyekundu huonyesha saini batili. Waraka huo usitumiwe hadi aliyeutoa athibitishe.

Mwananchi asibofye kitufe cha kukiamini cheti ili tu kuondoa alama ya njano. Kufanya hivyo ni sawa na kujidhamini mwenyewe, kwani programu itaonyesha kijani hata kama cheti ni cha tapeli. Aidha, alama ya kijani haithibitishi kuwa yaliyoandikwa ni kweli, bali kwamba yalisainiwa na mwenye cheti hicho.

Tahadhari

Anayetumia kompyuta ya umma anashauriwa kufuta faili kwenye folda ya vilivyopakuliwa na kwenye pipa la taka, pamoja na kutoka kwenye baruapepe yake. Faili la awali litunzwe bila kuhaririwa, kwa kuwa nakala ya karatasi haiwezi kuhakikiwa kwa njia hii.

Panapokuwa na shaka, mwananchi awasiliane na taasisi husika kwa mawasiliano yaliyo katika tovuti yake rasmi, ambayo kwa taasisi za Serikali huishia na .go.tz. Asitumie namba ya simu iliyoandikwa ndani ya waraka anaoutilia shaka, na asilipe fedha yoyote kabla ya kupata uthibitisho.