Lugha iliyojificha pambizoni

Katika maktaba ya iliyokuwa nyumba ya watawa ya St. Gallen, Uswisi, kuna kitabu cha ngozi chenye namba 904. Ni sarufi ya Kilatini. Pambizoni mwa ukurasa mmoja mnukuzi ameacha neno moja kwa ogamu, maandishi ya kale ya Ayalandi ambayo herufi zake ni vijistari vilivyopigwa juu ya mstari mrefu. Neno lenyewe ni latheirt. Kamusi ya zamani ya Kiayalandi inalipasua vipande viwili: pombe, na kuua. Yaelekea mtu huyu alikuwa ameamka na kichwa cha pombe ya jana, na ukurasa ulikuwa unamngoja.

Kwingineko humohumo mnukuzi analalamika kwamba ngozi ni mpya na wino ni mbaya. Upo pia ubeti wa mistari 4 kuhusu usiku wa dhoruba: upepo mkali umemtuliza mwandishi moyo, maana bahari ikichafuka hivyo Waviking hawavuki. Miaka ile walikuwa wakizivamia nyumba za watawa, na hofu ya watawa ilikuwa ya kweli.

Kitabu kilinakiliwa Ayalandi karibu mwaka 851. Mtunzi wa sarufi hiyo, Priscian, alifundisha Kilatini Constantinople mwanzoni mwa karne ya 6. Roma haikuwahi kuitawala Ayalandi, kwa hiyo huko Kilatini hakikuwa lugha ya mtaani hata siku moja. Kilipatikana kwa kusoma tu. Ndiyo maana wasomi wake walikichambua neno kwa neno. Kati ya mistari na pembeni wamejaza maelezo madogomadogo zaidi ya 9,000, na zaidi ya 3,000 ni ya Kiayalandi. Pale sentensi ilipojipinda, waliweka nukta na alama ndogo kumwonyesha msomaji neno lipi linakwenda na lipi. Ukizitazama alama hizo unamwona mwalimu kabisa, kidole kikiwa juu ya mstari.

Kitabu hicho kilifikaje Uswisi? Njia ilikuwa imeshafunguliwa. Mtawa Columbanus aliondoka Ayalandi na wenzake mwishoni mwa karne ya 6. Mmoja wao, Gallus, alibaki karibu na Ziwa Constance mwaka 612, na mahali alipoishi ndipo ilipojengwa monasteri yenye jina lake. Columbanus akaendelea hadi Italia, akaanzisha Bobbio mwaka 614. Waayalandi wengine wakafuata, vitabu vikiwa mizigoni. Katika karne ya 9 orodha ya maktaba ya St. Gallen ilikuwa na fungu la peke yake la vitabu vilivyoandikwa kwa mwandiko wao. Würzburg, Ujerumani, kuna nyaraka za Mtakatifu Paulo zenye maelezo ya aina hiyohiyo. Milan kuna ufafanuzi wa Zaburi uliotoka Bobbio.

Maandishi haya ni ya thamani kubwa kwa sababu nyumbani Ayalandi sehemu kubwa ya fasihi ya karne hizo imetufikia kwa nakala za baadaye sana, na kila mnukuzi aliingiza usemi wa zama zake. Ya ugenini hayakuguswa. Kadiri miaka ilivyopita, waliobaki kuyatunza hawakuweza kuyasoma, na hivyo Kiayalandi cha karne ya 8 na ya 9 kikalala pale kama kilivyoandikwa.

Aliyekiamsha alikuwa mwalimu kutoka Bavaria, Johann Kaspar Zeuss. Alizunguka maktaba hizo akinakili maneno yale kwa mkono, akiyalinganisha na Kilatini kilichokuwa chini yake au pembeni yake, hadi kanuni za lugha nzima zikajitokeza. Mwaka 1853 alichapisha Grammatica Celtica, msingi wa taaluma ya lugha za Kikelti hadi leo. Miaka 3 baadaye alifariki. Wanukuzi walikuwa wametumia Kiayalandi kueleza Kilatini. Zeuss alikieleza Kiayalandi chao kwa Kilatini.