Gita la Umeme la Kale na Alama Zake

Muziki wa dansi wa Kongo haukuzaliwa na gita la umeme. Nyimbo zilizorekodiwa Leopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, katika miaka ya 1940 zilitegemea gita la mbao tupu. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre aliwasili huko kufanya kazi katika studio ya CEFA, naye ndiye atajwaye kuwa aliliingiza gita la umeme katika studio za mji huo. Mwanzoni mwa 1960, Nico Kasanda na kaka yake Dechaud walikuwa Brussels na kundi la African Jazz la Joseph Kabasele, wimbo wa Indépendance Cha Cha ulipotungwa.

Gita la zama hizo likitolewa leo ghalani, aghalabu huwa limenyamaza: nyuzi zimeliwa na kutu, shingo imepinda, vidhibiti vya sauti vinakwaruza. Fundi mwenye haraka hung'oa kila kitu, akatia vipya, akapaka na vanishi. Gita hulia, lakini si lile tena. Kazi ya namna hiyo hatuiungi mkono.

Sauti ya gita hili hutokana na kinasa kilicho chini ya nyuzi: sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma utetemekapo juu yake, umeme hafifu huzaliwa. (Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazifai hapa, hata zikazwe vipi.) Waya ukikatika, heri usukwe upya kwenye sumaku ileile kuliko kununua kinasa kipya. Vidhibiti mara nyingi vyataka kusafishwa tu. Shingo yenye fimbo ya chuma ndani hunyooshwa kwa kugeuza nati robo mzunguko, kisha huachwa mbao izoee.

Penye uzito ni vile vichuma vilivyopandwa shingoni. Wapigaji wa solo wa Kongo hupenda kupanda karibu na mwili wa gita, hasa wakati wa sebene, na huko vichuma hulika. Vishimo hivyo huonyesha mkono wa mpigaji ulipenda kukaa wapi, jambo ambalo sahani ya santuri haikulihifadhi. Hata hivyo, gita lenye vishimo virefu hukwaruza, wala halipigiki mpaka visawazishwe kwa tupa. Hakuna njia ya kuvipata vyote viwili. Sisi twashauri kwanza vipimwe na kupigwa picha, ndipo visawazishwe kwa kiasi kidogo kinachotosha. Kila kilichoondolewa, hata skrubu, kitiwe katika bahasha kikae na gita.

Walimu wenye vilabu vya muziki wazingatie jambo moja zaidi. Amplifaya ya kale yenye valvu za kioo yaweza kubaki na umeme wa mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Wanafunzi wasiifungue kamwe. Ipelekwe kwa fundi wa redio, na gita lijaribiwe kwanza kwenye amplifaya nyingine.