Gishwati Haikumalizwa na Wakimbizi Peke Yao

Mgeni akifika Gisenyi, magharibi mwa Rwanda, huuliza wanyama wanakunywa maji wapi. Ziwa Kivu, pamoja na ukubwa wake, hata mamba halina. Wanyama wako milimani, katika msitu wa Gishwati: sokwe na kima wa dhahabu, kwenye vijito vinavyoteremka kuujaza mto Sebeya. Msitu wenyewe umebaki kipande, na kila anayesimulia huwatupia lawama wakimbizi waliorejea baada ya 1994. Simulizi hiyo inaniudhi, maana inaruka sura nzima.

Ya kale yanajulikana: msitu ulioshuka kutoka mgongo wa Kongo-Nile, wawindaji wa Kitwa, wafugaji na ng'ombe wao. Katika miaka ya 1970 zilikuwa zimebaki takriban hekta 28,000. Ndipo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaja mradi mkubwa uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Msitu ukagawanywa kwenye ramani: huku malisho ya ng'ombe wa maziwa, huku misonobari, na sehemu iliyobaki ndiyo ikaachwa iwe msitu wa asili. Watwa wakafukuzwa. Haya yalifanyika mchana kweupe, kwa mihuri na mikopo, miaka zaidi ya kumi kabla ya mkimbizi yeyote kukata mti wa kujengea kibanda.

Sikatai kwamba vita na makazi mapya vilimalizia kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimesalia hekta 600 hivi. Lakini aliyekata kwa sababu ya kukosa pa kulala hawezi kubeba deni la aliyepanga akiwa ofisini.

Hasara yenyewe inaonekana katika soko la Mahoko, wilayani Rubavu. Mvua ikinyesha milimani, Sebeya hupita sokoni hapo ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, umebeba udongo wa mashamba yaliyo kwenye miteremko isiyo na mizizi ya kuushika. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mto uliingia majumbani. Mafuriko na maporomoko ya siku hizo yaliua zaidi ya watu 130 nchini, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi.

Kabla ya mafuriko hayo, sheria ya 2015 ilikuwa imeunda Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, na 2020 UNESCO ikaitambua. Ni jambo jema. Ila atakayeandika tena historia ya Gishwati aanzie kwenye mradi wa miaka ya 1980, na awataje Watwa kabla ya watalii.