Ibara ya 15: Dharau, Sauti na Moyo wa Kazi

Katika Kiswahili cha ofisini Tanzania, motisha hutolewa, moyo huvunjwa. Motisha ni kitu: bahasha, posho ya semina, cheti chenye fremu. Mtu huipata, huikosa, huidai. Lakini sijawahi kusikia mtumishi akilalamika kwamba mkuu wake amemvunja motisha. Husema amenivunja moyo, na akishafika hapo mara nyingi hadai tena chochote. Anafika saa 1:30 asubuhi, anasaini daftari la mahudhurio, anatundika koti kwenye kiti, na kuanzia hapo faili linaweza kulala mezani wiki mbili bila yeye kuvunja kanuni hata moja. Ndio mgomo baridi. Ni mgumu kuliko mgomo wa langoni, kwa sababu hauna tarehe ya kuanza wala kiongozi wa kukamatwa.

Siku hizi kila mpango mkakati una kifungu cha mazingira rafiki ya kazi, na kifungu hicho kimejaa vitu vya kutolewa: viti vipya, chai ya saa nne, bonanza la michezo, barua za pongezi. Sina ugomvi navyo. Ninachodai katika makala haya ni kwamba vimejibu swali lisilo lenyewe. Historia yetu ya kazi inaonyesha kuwa kinachovunja moyo kwa kasi kubwa ni dharau, na dawa ya dharau si ukarimu wa mkubwa. Ni uwezo wa mdogo kumjibu mkubwa bila kuogopa kumwaga unga.

Ushahidi wangu mkuu una zaidi ya miaka 50. Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ulitolewa Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Milton Obote nchini Uganda, na miezi michache tu baada ya Guinea kuvamiwa kutoka baharini kwa mkono wa Wareno. Ulikuwa waraka wa watu wenye wasiwasi: ulizungumzia ubeberu, ulinzi, na namna mapinduzi ya Afrika yanavyoweza kuporwa usiku mmoja. Katikati ya hayo ikakaa ibara ya 15, iliyowakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na kutaka usawa kati ya anayeongoza na anayeongozwa. Huenda walioiandika walikuwa wakimfikiria mkuu wa wilaya au katibu wa chama. Wafanyakazi wa Dar es Salaam walipoisoma walimwona meneja.

Kwa muda wa miaka mitatu hivi migomo ikafuatana, na wanazuoni Issa Shivji na Pascal Mihyo, waliokuwa wakiifuatilia kwa karibu, wametuachia maelezo yake. Ukiyasoma leo, kinachogusa ni aina ya malalamiko. Mshahara umo, lakini katika migomo mingi si ndio uliowasha moto. Yaliyouwasha ni matusi, lugha ya kejeli, upendeleo, ubadhirifu wa mali ya shirika, na watu kufukuzwa bila kusikilizwa. Silaha iliyopendwa ilikuwa kumfungia meneja nje ya lango, si kuacha kazi na kwenda nyumbani. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, mwaka 1973, walikwenda mbali zaidi: walikitwaa kiwanda chenyewe na kutaka kukiendesha. Nadharia nyingi za motisha hujikwaa hapa. Kama bidii hununuliwa kwa fedha peke yake, mfanyakazi aliyeitwa mvivu jana anatafuta nini kiwandani siku ambayo hakuna aliyemwahidi shilingi ya ziada?

Nisiipambe historia. Ibara ya 15 ilitumika pia kulipia visasi, na si kila meneja aliyefungiwa nje alikuwa dhalimu. Pengine kosa la baadhi yao lilikuwa kudai watu wafike kwa wakati. Dola nayo ilichoka upesi. Wafanyakazi wengi walipoteza kazi, na waliobaki wakaambiwa wafuate ngazi. Ngazi zenyewe zilikuwaje? Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulikuwa umeunda mabaraza ya wafanyakazi, lakini ya kushauri tu. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa kimeundwa kwa sheria mwaka 1964 baada ya vyama huru kuvunjwa, na katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Mtu aliyetukanwa na meneja wa shirika la umma alitakiwa apeleke shauri lake kwa chombo ambacho mkuu wake aliteuliwa na dola ileile iliyomteua meneja. Kwa hesabu hiyo, lango lilikuwa njia fupi.

Vitabu vya utawala tunavyofundishia vyuoni havianzii hapo. Vinaanzia Hawthorne, kiwanda cha Western Electric huko Cicero, kando ya Chicago, ambako kati ya 1924 na 1932 watafiti walibadilisha taa, mapumziko na saa za kazi, wakaona uzalishaji unapanda karibu kila walipogusa kitu. Elton Mayo na wenzake wakafasiri kwamba siri ni kujaliwa: mfanyakazi akihisi anatazamwa kama mtu, huchapa kazi. Fasiri hiyo ndiyo mama wa bonanza zetu. Ila kisa kina ukurasa ambao wahadhiri wengi huuruka. Katika chumba cha majaribio cha wasichana waliounganisha rilei za simu, wawili waliondolewa mapema mwaka 1928 kwa kuongea mno na kutoonyesha ushirikiano, wakaletwa wengine. Malipo ya kikundi kile nayo yalikuwa yamebadilishwa. Mtafiti Alex Carey alipoyachambua haya mwaka 1967 alihoji kama kuna chochote kilichothibitishwa kuhusu upole wa msimamizi. Mimi nabaki na jambo dogo zaidi: chumba maarufu kuliko vyote duniani kwa kuwajali wafanyakazi kiliwatoa waliojibu.

Msomaji mwenye mshahara wa ngazi ya chini atasema haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Ana haki. Hakuna sauti inayolipa kodi ya nyumba. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg, aliyewahoji wahandisi na wahasibu 200 hivi wa eneo la Pittsburgh katika utafiti uliochapishwa 1959, alidai mshahara ukipungua huleta manung'uniko, lakini ukiongezeka hauleti ari ya kudumu. Ni rahisi kusema hivyo ukimhoji mhandisi. Kwa mwalimu anayedai malimbikizo ya fedha za uhamisho, mshahara ni heshima yenyewe. Lakini tazama yaliyotokea kwetu mwaka 2022. Baada ya miaka ambayo nyongeza zilisimama, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kipande kwa asilimia 23.3. Mei ilikuwa ya shangwe. Julai, walipoziona hati zao za mshahara, wengi wa ngazi za juu kidogo waligundua kuwa asilimia ile haikuwa yao, wakaudhika, na Serikali ikalazimika kutoa ufafanuzi. Ni fedha halisi, imetolewa kweli, na imezaa manung'uniko. Kilichokosekana ni maelezo yaliyotangulia, pamoja na mahali pa kuuliza kabla ya siku ya mshahara. Fedha bila maelezo hupokelewa kama hisani, na mwenye kupewa hisani daima hutazama sahani ya jirani.

Mei Mosi inatupa mfano mdogo wa jambo hilohilo. Kila taasisi huteua mfanyakazi bora, akapanda jukwaani, akapewa hundi na cheti. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, ubora ulizunguka kwa zamu: mwaka huu uhasibu, mwakani masijala, mwaka unaofuata madereva. Wenzangu walicheka, na mimi nilicheka nao. Siku hizi naona zamu ile ilikuwa na akili kuliko nilivyodhani. Mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kuhoji vigezo, zamu ndiyo njia pekee ya kugawa tuzo bila majungu.

Kwa hiyo tutazame vyombo vya sauti, kwa kuwa tunavyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni za mwaka 2007 zilizoifuata ziliweka utaratibu ambao wagomaji wa 1971 wangeushangilia: mtuhumiwa aelezwe kosa lake, apewe muda usiopungua saa 48 kujiandaa, aende na mwenzake au mwakilishi wa chama. Huo ni ulinzi wa siku ya kufukuzwa. Dharau ya kila siku haifiki huko. Inaishia kwenye mlango wa mkuu wa idara. Chombo kilichopaswa kuipokea ni baraza la wafanyakazi, na katika taasisi za umma baraza hilo kwa kawaida huongozwa na mkuu wa taasisi mwenyewe. Anayelalamikiwa ndiye anayetoa ruhusa ya kusema, na ndiye anayeangalia saa.

Sitarajii mkurugenzi apishe kiti kesho, ingawa sioni sababu ya kitaalamu ya kutokufanya hivyo katika ajenda zinazohusu mwenendo wa viongozi. Badiliko la kwanza linaweza kuwa la kawaida zaidi. Kila muhtasari wa kikao una kipengele cha yatokanayo na kikao kilichopita. Katika mabaraza niliyohudhuria kipengele hicho kilipita kwa dakika chache, na neno lililojirudia lilikuwa moja: suala linafanyiwa kazi. Hoja ya mhudumu kwamba anaitwa kwa kupigiwa makofi inafanyiwa kazi. Hoja ya madereva kuhusu posho ya safari inafanyiwa kazi, mwaka wa tatu huu. Wajumbe wa vikao hivyo hawakuwa waoga. Walikwishajifunza kwamba kusema ni kupoteza pumzi, na somo hilo huwarudia kazini kesho yake saa 1:30. Jaribio ninalopendekeza halina bajeti: yatokanayo yaandikwe kwa safu tatu, yaani hoja, jibu, na cheo cha mtu aliyepaswa kujibu; karatasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo siku saba kabla ya kikao; na hoja ambayo safu yake ya pili ni tupu isomwe na aliyeitoa, si na katibu.