Msimbazi na Kwa Mkapa: Makao ya Chama cha Mpira cha Simba

Mtu akiuliza katika Dar es Salaam ni wapi nyumbani kwa chama cha mpira cha Simba, hupata majibu mawili. Akikusudia chama, huambiwa Msimbazi. Akikusudia mchezo wenyewe, huambiwa kwa Mkapa. Majibu hayo hayapingani, wala hayana maana moja, na tofauti iliyo baina yake ndiyo historia ya chama hicho kwa muhtasari.

Chama kiliasisiwa mwaka 1936, mwaka mmoja baada ya Young Africans, ambacho watu hukiita Yanga. Jina lake la kwanza lilikuwa Queens. Baadaye kikaitwa Eagles, kisha Sunderland, jina la mji wa kaskazini ya Uingereza wenye timu mashuhuri. Makao yake ni Kariakoo, na jina la Kariakoo nalo lina asili ya Kiingereza: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Lakini Carrier Corps lilimezwa na lugha, likapata silabi wazi na kuwa neno la Kiswahili. Sunderland lilibaki geni. Kwa jina hilo geni chama kilitwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1965, kikautwaa tena mwaka 1966.

Mwaka 1971, katika siku zile zilizofuata Azimio la Arusha la 1967, Sunderland kikawa Simba. Jina hilo lilikuwa na bahati ya mlio. Nyumba ya chama iko katika Mtaa wa Msimbazi, na ndani ya neno Msimbazi sikio husikia simba. Isidhaniwe kwamba neno moja limezaa jingine, kwani Msimbazi ni jina la mto, ambao bonde lake ndilo lenye Jangwani, makao ya Yanga. Hata hivyo mlio ulitosha kuvifunga chama na mtaa pamoja. Sarufi nayo ilifanya kazi yake: mnyama simba amekula, bali chama Simba imeshinda, na wakikusudiwa wachezaji, Simba wameshinda. Upatanisho peke yake hutenga mnyama, chama na watu.

Kuhusu kiwanja, mambo hayakuwa hivyo. Kwa miaka mingi chama kilicheza katika Uwanja wa Taifa, pale ilipopandishwa bendera ya Tanganyika usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, nao sasa huitwa Uwanja wa Uhuru. Kucheza nyumbani hakukuwa kinga siku zote. Mwaka 1979 Simba ilifungwa Dar es Salaam na Mufulira Wanderers mabao 4-0, ikaenda Zambia ikashinda 5-0. Mwaka 1993, katika fainali ya Kombe la CAF, ilitoka sare ya 0-0 na Stella huko Abidjan, kisha ikafungwa 2-0 mbele ya watu wake.

Mwaka 2007 ulifunguliwa uwanja mpya wa taifa jirani na ule wa zamani, wenye nafasi ya watu 60,000. Mwaka 2020, alipofariki Rais mstaafu Benjamin Mkapa, ukapewa jina lake, na watu wakaanza kusema kwa Mkapa. Msemo huo wastahili kuangaliwa. Neno kwa likitangulia jina la mtu humtaja mwenye nyumba: kwa babu, kwa Juma. Basi ulimi umekiri bila kukusudia kwamba Simba, hata ikiwa mwenyeji wa mchezo, imo katika nyumba ya mwingine. Na Yanga hukaribishwa humo humo.

Ukweli huo ulionekana mwaka 2025. Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikafungwa na RS Berkane 2-0 huko Morocco. Mchezo wa marudiano, kwa sababu ya hali ya uwanja wa Mkapa, ulihamishiwa Amaan, Unguja. Simba ikacheza mchezo wake wa nyumbani bahari ikiwa kati yake na Msimbazi, ikapata sare ya 1-1, na kombe likaenda Berkane.

Kiwanja cha kuazima huweza kufungwa, kukarabatiwa, au kubadilishwa jina bila chama kuulizwa. Lililobaki mahali pake ni jina la mtaa. Ndiyo maana wapenzi wa chama hujiita Wekundu wa Msimbazi, wala hawajiiti kwa jina la uwanja wowote walioshangilia ndani yake.