Minyoo isiyoonekana kwenye choo hufichuliwa na altrasaundi

WAKAZI wa Kulamawe, kituo kilicho kwenye barabara itokayo Isiolo kuelekea Garba Tula, ni wafugaji kama wenzao wengi wa kaskazini mwa Kenya. Palipo na mbuzi, kondoo, ngamia na mbwa, maradhi ya haidatidi hupata mwanya wa kuenea.

Kwa kawaida minyoo ya tumbo hutambuliwa kwa kupima choo kwa hadubini. Kipimo hicho hakifai kwa haidatidi, kwani tegu mkomavu anayeileta huishi katika utumbo wa mbwa, si wa binadamu. Mtu humeza mayai yaliyotoka na kinyesi cha mbwa kupitia mikono, maji au chakula. Lava hutoboa utumbo, huchukuliwa na damu hadi kwenye ini au mapafu, na huko hujenga kifuko cha maji kinachoweza kukua miaka mingi bila maumivu.

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti kuonyesha kifuko hicho ndani ya ini. Haina mionzi, hivyo hata mjamzito huweza kupimwa. Mapafu hupigwa eksirei.

Kenya ina uzoefu katika jambo hili. Huko Turkana, shirika la AMREF lilianza kupambana na maradhi hayo katika miaka ya 1980. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 katika jarida la Lancet ulilinganisha mashine ya altrasaundi ya kubebeka na kipimo cha damu miongoni mwa wafugaji wa kuhamahama, na mashine hiyo ikaonekana kuwa bora.

Picha ndiyo pia huamua tiba. Mwaka 2003 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, walichapisha mgawanyo wa vifuko kutokana na sura yake. Vichanga na vidogo huweza kutibiwa kwa albendazoli. Vilivyokufa huachwa vikichunguzwa. Vingine huhitaji upasuaji. Kuuchoma sindano uvimbe usiojulikana ni hatari, kwa kuwa maji yake yakivuja huweza kuleta mzio wa kuua na kuzalisha vifuko vipya.

Kinga huanzia machinjoni. Ini na mapafu yenye uvimbe yasitupiwe mbwa, bali yachomwe au yafukiwe shimoni. Mbwa wapewe dawa ya prazikwanteli, na watu wanawe mikono kabla ya kula.