Mafunzo Kazini na Ngazi ya Taaluma katika Utafiti wa Mambo ya Kale: Mfano wa Kamoya Kimeu, 1960–2022

Historia ya utafiti wa mambo ya kale Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa majina ya viongozi wa misafara. Makala hii inawatazama waliochimba, na inajadili hoja moja: eneo la uchimbaji lilikuwa shule kamili, lakini shule hiyo haikutoa cheti, na kwa hiyo haikumpa mhitimu wake ngazi ya kupandia.

Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye elimu ndogo ya darasani, aliajiriwa na Louis na Mary Leakey mwaka 1960 kama kibarua huko Olduvai, Tanganyika. Mafunzo yake yalikuwa ya kuona na kutenda: kutumia mwiko na brashi, kuchekecha udongo, na zaidi ya yote kulizoesha jicho kutofautisha mfupa na jiwe. Mwaka 1964 aliona taya la Peninj, karibu na Ziwa Natron. Baadaye aliongoza kikosi cha watafutaji wa visukuku cha Richard Leakey, na hapo mwanafunzi akawa mwalimu. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso. Uchimbaji uliofuata ulifukua kiunzi cha kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, mojawapo ya viunzi kamili zaidi vya binadamu wa kale.

Heshima hazikukosekana. Mwaka 1985 alikabidhiwa medali ya National Geographic Society na Rais Ronald Reagan, na jina lake likapewa jenasi ya nyani wa kale, Kamoyapithecus. Hata hivyo, shahada ya heshima kutoka Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, ilimfikia mwaka 2021 tu, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kwa zaidi ya nusu karne, ujuzi wake ulitegemea ushuhuda wa waliomwajiri.

Katikati ya miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia. Hatua hiyo iliwawezesha Watanzania kuongoza utafiti wa nchi yao wenyewe. Lakini njia ya shahada humfaa anayeingia kupitia darasani. Kibarua wa msimu, hata akichimba miaka ishirini, hubaki nje ya mlango huo.

Kwa hiyo, makala inapendekeza mambo mawili. Kwanza, ripoti za uchimbaji ziwataje mafundi kwa majina na kazi walizofanya. Pili, ujuzi wa uwanjani upimwe na kutunukiwa vyeti vinavyotambuliwa na vyuo na makumbusho. Medali humtukuza mtu mmoja. Ngazi iliyo wazi huwanufaisha wote wanaomfuata.